Papa wa Feri, Papa wa Roma na papa ya Peru: ni neno moja au majina yamegongana?

#1 MchuuziFeri
Wakuu habari za jioni. Nauza samaki soko la Feri, Magogoni, neno hili linanitoka mdomoni kutwa nzima, kwa hiyo nimelifuatilia. Papa kwetu ni samaki. Kwa Wakatoliki ni mkuu wa Kanisa. Vuka ziwa uingie Kongo, papa ni baba, na kila mzee wa heshima anaitwa hivyo. Mnamkumbuka marehemu Papa Wemba. Ufaransa na Urusi papa ni baba vilevile. Nenda Peru, papa ni kiazi, hiki hiki cha chipsi.

Hoja yangu: vyote vimetoka kwenye baba. Baba wa nyumba, baba wa waumini, na wa baharini akaitwa baba kwa kuwa ni mkubwa na anaogopwa. Kiazi ndicho kinachonisumbua. Leteni hoja.

#2 Kijana_Tandika
Nimeshaweka kiti. Mwenye kahawa na kashata apite huku.

#3 Katekista_Msimbazi
Kwa Roma uko sahihi mtoa mada. Ni Kigiriki, pappas, mtoto anavyomwita baba yake. Ila msidhani cheo kilianzia Roma. Karne ya 3 askofu wa Aleksandria, Heraclas, alikuwa akiitwa papa. Mrithi wake Dionysius anamtaja hivyo kwenye barua. Hiyo ni Misri, Afrika yetu. Hadi leo Wakopti, Wakristo wa Misri, wana Papa wao, Tawadros II, yuko kitini tangu 2012. Na mkuu wa Waorthodoksi wa Kigiriki kule kule Aleksandria naye anaitwa Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika yote. Waorthodoksi wa Bukoba wako chini yake.

Zamani maaskofu wengi tu waliitwa papa. Roma ilijitengea jina polepole, na Gregori VII, karne ya 11, ndiye aliyesisitiza kwamba ni la askofu wa Roma peke yake.

#4 FundiRedio_Buguruni
Mimi nilifundishwa kuwa PAPA ni kifupisho cha Kilatini: Petri Apostoli Potestatem Accipiens, apokeaye mamlaka ya Mtume Petro. Herufi nne, maneno manne. Haiwezi kuwa bahati.

#5 Katekista_Msimbazi
Fundi, ikikaa vizuri namna hiyo ndipo uishuku. Cyprian wa Carthage alikuwa akiandikiwa barua kama papa, na hakuwa askofu wa Roma. Watu walilikuta neno, wakalitafutia maneno manne ya kulijaza.

#6 Bi_Kilindoni
Upande wa samaki siukubali. Mimi ni mtu wa Mafia, Dar nimeletwa na ndoa. Kama jina lilitokana na ukubwa, wa kwanza kulipata angekuwa yule mkubwa kuliko wote, na yule sisi tunamwita potwe. Wanakuja Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi, anafika mita 12 na kuzidi, wala hana habari na mtu; anafungua domo anachuja vijidudu vya majini. Huyo hakuitwa papa. Na vipapa vya urefu wa mkono ni papa tangu siku ya kuzaliwa.

Halafu baba tunalo, lina b. Tungelichukua neno letu wenyewe tukaligeuza herufi ili tumpe samaki, kwa shida gani?

#7 MchuuziFeri
Shikamoo Bi Kilindoni. Lakini potwe huyo huyo wapo wanaomwita papa shilingi, kwa yale madoadoa meupe mgongoni. Kwa hiyo upapa anao.

#8 Bi_Kilindoni
Marahaba mwanangu. Papa shilingi nimelisikia zaidi kwa watu wa Kenya. Wanasimulia kuwa Mungu alipendezwa na samaki huyo, akawapa malaika sarafu za fedha wamwagie mgongoni. Kisa kizuri, lakini hakijanijibu hiyo p.

#9 Ustadh_Ilala
Assalam alaykum. Hapo kwenye shilingi mmenifungulia mlango. Kiarabu, papa wa baharini ni qirsh. Na qirsh hiyo hiyo ni sarafu, Misri wanaitumia mpaka leo, qirsh mia ndiyo pauni moja. Samaki na pesa, neno moja.

Kuna zaidi. Kuraishi, kabila la Mtume (s.a.w.), wapo wanazuoni wa zamani waliosema jina limetokana na qirsh, papa mdogo, yaani kabila linalowashinda wengine kama papa anavyowashinda samaki. Wengine wakalikataa hilo wakasema ni taqarrush, kukusanyika, kwa kuwa walikusanywa Makka baada ya kutawanyika. Na wengine wanarudisha kwenye biashara. Kauli zote tatu zimo vitabuni na hakuna iliyozima nyingine.

#10 Kijana_Tandika
Ngoja kwanza. Waarabu papa na sarafu ni neno moja, sisi tuna papa shilingi. Hayo ni majahazi hayo! Mabaharia wametoka nayo Maskati wakaimwaga pwani yetu. Kesi imekwisha.

#11 Ustadh_Ilala
Taratibu kijana. Qirsh ya pesa si ya Kiarabu kwa asili. Imetoka kwa Waturuki, kuruş, nao waliipata Ulaya kwenye sarafu ya Kijerumani iitwayo Groschen, na hiyo inarudi kwenye Kilatini grossus, nene. Sarafu nene. Samaki ni wa Kiarabu, pesa ni ya Kijerumani, zimevaa kanzu moja tu. Na shilingi ya huyu potwe ni madoa yanayoonekana kwa macho.

Nyongeza: Kiarabu hakina sauti ya p. Kwa hiyo Papa wa Roma kwa Kiarabu ni al-Baba. Wakristo wa Misri wanasema Baba Tawadros. Ukimweleza Mwarabu kuwa baba na Papa ni maneno mawili, atakutazama.

#12 Mwalimu_Ubungo
Nimesoma kuanzia #1. Mtoa mada ana nusu ya jambo, nusu nyingine ni midomo.

Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Moscow aliyefanya kazi Marekani, alilishughulikia suala hili mwaka 1959. Alitumia orodha ya majina zaidi ya 1,000 ya mama na baba iliyokusanywa na George Peter Murdock kutoka jamii za kila bara. Majina ya mama yameegemea m na n. Majina ya baba yameegemea p, b, t na d. Lugha ambazo hazijawahi kuonana.

Sababu yake iko mdomoni mwa mtoto. Akinyonya, midomo imezibwa, sauti pekee inayopata njia ni ya puani: mmm. Baadaye akiona chuchu au chakula anaitoa ile ile kudai, na anayefika ni mama, mama akaipokea kuwa ndiyo jina lake. Pa ni hatua ya pili: funga midomo kabisa, iachie ghafla, fungua kinywa chote. Ni silabi nyepesi kuliko zote. Mtoto anaicheza bila kumwita mtu, na baba aliyekaa pembeni anafurahi anasema ameniita. Mzazi ndiye anayeipa sauti maana.

Kwa hiyo pappas wa Ugiriki, baba wetu, bàba wa Kichina na baba wa Kituruki si lazima wawe ndugu. Kila nyumba imejitengenezea wake.

#13 Mzee_Lumumba
Mwalimu, nimeishi Moscow miaka ya ujana wangu, nikisoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba. Nina mawili.

La kwanza. Papa wa Kirusi hakutoka mdomoni mwa mtoto wa Kirusi. Mabwana wa karne ya 18 walipopenda kila kitu cha Kifaransa walichukua na papa. Waingereza nao papa yao ni ya Kifaransa. Kwa hiyo neno la kitoto nalo husafiri kwa fasheni kama kofia. Na Kongo papa huyo kaja na Wabelgiji.

La pili. Kirusi baba ni mwanamke, tena kwa dharau, mwanamke wa kijijini. Kwa heshima unasema babushka, bibi. Mwenzetu mmoja bwenini alikuwa akiandika barua nyumbani, akawa anasema kwa sauti, "Baba mpendwa, baba mpendwa", na mlinzi wa mlangoni, mama mtu mzima, akadhani anaitwa. Ilibidi twende watatu kumtuliza.

Na nenda Georgia uone maajabu: mama ni baba. Mama mzazi ni deda. Na papa kwao ni babu. Sasa hiyo mmm ya kunyonya imekuwaje?

#14 Mwalimu_Ubungo
Mzee wangu shikamoo. Jakobson alizungumzia mwelekeo, hakusema sheria. Georgia ni mfano maarufu wa upande wa pili. Mtoto wa Kigeorgia anatoa sauti zile zile, wazazi wamezigawana kinyume.

#15 Katekista_Msimbazi
Nami naongeza kwa Mwalimu. Kilatini cha zamani, mwandishi wa Kirumi Varro anaandika kuwa watoto huita chakula papa, mama wanamwita mamma, baba wanamwita tata. Umeona? Roma yenyewe, kabla ya Upapa, papa ilikuwa msosi wa mtoto! Waitaliano bado wanaita pappa uji laini wa mtoto, na baba ni papà, mkazo mwishoni. Papa bila mkazo huo ni Baba Mtakatifu.

#16 Mhaya_Sinza
Tata! Kihaya baba ni tata. Mtu wa Roma na mtu wa Kamachumu.

#17 Tukuyu_Boy
Hata Kinyakyusa, tata. Msijimilikishe Wahaya.

#18 Mama_Lishe_Mbagala
Mnapanda Roma mnashuka Urusi, papa mwenyewe mmemwacha juani. Nawapikia watu papa mkavu kila Alhamisi, niwaambie anavyokwenda. Ng'onda unamloweka usiku kucha. Asubuhi mchemshe na ndimu, mwaga maji yale, usiyaonee huruma, yana chumvi na ile harufu. Ngozi yake ukiipapasa inakwaruza kama msasa, ikwangue kwa kisu ukiwa umemshika na kitambaa. Chambua nyama iwe nyuzi, toa mifupa. Kitunguu, nyanya, bizari, bamia, tui jepesi kwanza, tui zito mwisho, moto ukiwa mdogo. Anaenda na ugali wa muhogo. Mtu akishakula hiyo hakuulizi neno limetoka wapi.

#19 FundiRedio_Buguruni
Mama lishe nakuja Alhamisi. Ila papa hana mfupa, lile ni gegedu, laini unaweza kulikata kwa kucha likishachemka. Na hiyo harufu ni urea. Anaihifadhi mwilini ili chumvi ya bahari isimkaushe, akifa inageuka amonia. Ndiyo maana papa mbichi akilala bila barafu ananuka kama choo cha stendi.

#20 Bi_Kilindoni
Na ini lake linatoa sifa. Vijana wa mjini mnaijua sifa moja tu, ya kusifiwa. Pwani sifa ni mafuta ya ini la papa, tunapaka chombo ubaoni kuzuia wadudu wa majini wasitoboe. Ukipita panapotengenezwa majahazi, pua itakwambia.

#21 Kijana_Tandika
Mmesahau mapapa wa mjini. Mtu akisema wamekamata dagaa wameacha mapapa, hakuna anayefikiria Feri. Na ile maana nyingine ya vijiweni mnaijua, tuiache, kuna wazazi humu.

#22 Aliyekaa_SaoPaulo
Kuhusu kiazi na mtoa mada, nina jibu lake. Papa ya Peru ni neno la Kikechua, lugha ya Wainka na wenzao wa milima ya Andes. Wamekilima maelfu ya miaka kabla Mhispania hajafika, wana aina zake maelfu, na Lima kuna Kituo cha Kimataifa cha Viazi tangu 1971. Hakina uhusiano na baba yeyote. Baba kwa Kikechua ni tayta. (Mhaya na Tukuyu mpo?)

Hispania yenyewe wanasema patata, na hapo ni mchanganyiko. Batata lilikuwa jina la kiazi kitamu kwa Wataino wa visiwa vya Karibi. Wahispania wakachanganya batata na papa, ikazaliwa patata, Waingereza wakaibeba nao. Wareno wakabaki na batata, wakaileta huku. Mzanzibari anapokwambia mbatata za urojo, anataja kiazi kitamu cha Karibi akimaanisha kiazi cha Peru.

Amerika ya Kusini hawachanganyi, wanatenganisha kwa kineno cha mbele: el Papa ni wa Roma, la papa ni kiazi. Na Papa Leo XIV aliyechaguliwa Mei 8, 2025 alikuwa askofu wa Chiclayo, Peru, na ana uraia wa huko. Peru wana Papa na papa.

#23 Aliyekaa_SaoPaulo
Nimesahau utamu wenyewe. Brazili papai ni baba! Mtoto anamwita baba yake papai, na mzee wa Krismasi ni Papai Noel. Papai la kula wao wanaliita mamão, kutoka neno lao mama, yaani ziwa la kunyonyesha, kwa umbo lake. Sisi papai letu limekuja na Wareno, papaia, nao na Wahispania waliliokota kwa wenyeji wa Karibi. Na ukifika Kyuba usiombe papaya sokoni kwa sauti, Havana ni tusi. Sema fruta bomba.

#24 Kijana_Tandika
Kwa hiyo Kyuba na vijiwe vya Tandika ni ndugu. Hilo nalo Jakobson alieleze.

#25 Baharia_Kurasini
Mmesahau papa wa bandarini. Redio ya meli na ya ndege, herufi P inatamkwa Papa, mkazo mwishoni, dunia nzima tangu 1956 kwa upande wa ndege. Bendera ya P ni ya bluu, katikati mraba mweupe. Meli iliyofunga gatini ikiipandisha, maana yake wote warudi melini, tunaondoka. Ukikaa ufukweni wa Kigamboni una macho mazuri utaiona.

Na msione aibu kwamba jina la samaki wetu halina ukoo unaojulikana. Waingereza nao hawana uhakika na shark yao. Ilienea London mwaka 1569 mabaharia wa John Hawkins walipomrudisha mmoja akaonyeshwa kwa watu. Wapo wanaosema ni neno la Wamaya, xok, wengine wanalikataa.

#26 Mama_Kijitonyama
Mimi ni la nyumbani tu. Septemba 1990, Yohane Paulo II anakuja Tanzania, nilikuwa darasa la pili. Nyumbani wanasema Papa anakuja, Papa atapita barabarani. Mdogo wangu alikataa kabisa kutoka nje. Mama alikuja kujua sababu jioni, mtoto anauliza kama ameshachukuliwa kurudi baharini. Kuanzia siku hiyo kwetu ni Baba Mtakatifu tu.

#27 Mtu_wa_Forodhani
Unguja tuna papasi. Asili yake ni mdudu, kama kupe, anajificha kwenye nyufa za nyumba ya udongo, akikuuma unapata homa ya papasi. Sasa papasi ni vijana wanaowaganda watalii Forodhani. Mgeni anashuka botini tu, papasi wameshamshika begi. Wenyewe hawalipendi jina.

#28 FundiRedio_Buguruni
Papasi, papasa, papatika, papara. Mnaona? Mpa-mpa wote ni wa kugusagusa au kutapatapa. Samaki huyu anatoka humo humo. Ni papatika ya mapezi. Hatuhitaji Roma.

#29 Mkalimani_Upanga
Mwalimu #12, nilisoma Osaka na kuna jambo litakupendeza, au litakuudhi. Kijapani mama ni haha, baba ni chichi. Sauti ya h ya leo zamani ilikuwa p, ikalegea ikawa kama f ya midomo miwili, ikaishia h. Kuna kitendawili kimeandikwa mwaka 1516: kwa mama vinakutana mara mbili, kwa baba havikutani hata mara moja. Jibu ni midomo. Leo ukisema haha midomo haigusani kabisa, kitendawili hakifanyi kazi, mpaka ukumbuke walikuwa wakisema fafa. Rudi nyuma zaidi unafika papa.

Kwa hiyo Japani ya kale papa alikuwa mama. Na watoto wa leo wa Tokyo wanamwita baba yao papa, la kuazima kutoka Ulaya.

#30 Mwalimu_Ubungo
Hilo limenipendeza mno. Linathibitisha silabi ni ya mtoto na maana ni ya wakubwa.

#31 Mzee_Lumumba
Au linathibitisha papa ni neno la kale kuliko lugha zote na kila taifa limelivuta upande wake. Kuna Wafaransa wawili, Bancel na Matthey de l'Étang, wanalitetea hilo: kwamba limerithiwa tangu lugha ya kwanza ya binadamu na kila kizazi kimelikabidhi kwa kinachofuata.

#32 Mwalimu_Ubungo
Mzee, kurithi na kuzuka upya vinaacha alama ile ile. Utavitofautishaje kwenye neno ambalo mtoto yeyote anaweza kulitoa kesho asubuhi bila kufundishwa?

#33 Mzee_Lumumba
Na wewe utathibitishaje kuwa halikurithiwa, kama mama yake analitamka sikioni kwake toka siku ya kwanza?

#34 Katekista_Msimbazi
Hapo wazee wamefungana mashati. Mimi narudi kwa Fundi #28. Papatika si ni kwa ndege? Kuku akichinjwa anapapatika.

#35 FundiRedio_Buguruni
Na samaki akitolewa majini anapapatika vilevile. Nenda Feri alfajiri boti zikifika, uone sakafuni.

#36 MchuuziFeri
Mimi niko pale kila alfajiri, Fundi. Kolekole anapapatika. Changu anapapatika. Papa akifika juu anakuwa amelegea, mara nyingi ameshakufa na mshipi au jarife, anavutwa kwa mkia tu.

#37 Bi_Kilindoni
Hata majini hapapatiki. Nimewaona toka udogo. Yale mapezi mawili ya ubavuni ameyatandaza yametulia, hayapigi. Kazi yote inafanywa na mkia. Anayepiga mabawa ni taa. Kama jina lingetokana na kupapatika lingekuwa la taa. Tafuta jingine, Fundi.